Chupa za Tarehe Kumi na Saba

Tulia
Jumanne, 4 Novemba 2025

Kasiva,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako sitaiuliza. Ningekupigia simu, lakini umenizuia tangu Alhamisi, kwa hiyo nimenunua karatasi. Nyamai dereva akishateremsha parachichi zake hapa atarudi Mbooni na barua hii. Nimemwambia akupe mkononi.

Nina chupa yako mezani. Nakunakilia maneno yaliyo juu yake, labda umeyasahau: "Nyasi Tupu. Maini, moyo na figo za ng'ombe waliolishwa nyasi, zimekaushwa kwa jua. Kapsuli sitini. Ng'ombe amechinjwa na Mzee Hassan wa Tulia." Na chini, kwa muhuri wa wino wa buluu: "Alichinjwa 17/9/2025."

Tarehe kumi na saba Septemba hakuna ng'ombe aliyechinjwa Tulia. Hata mbuzi hakuchinjwa. Kichinjio kilifungwa Jumatatu tarehe nane kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, kikafunguliwa Ijumaa tarehe tatu Oktoba. Ninazo siku zote hizo katika daftari langu, moja baada ya nyingine. Mutie mwenye bucha alikuwa anauza mayai na sukuma wiki, kaning'iniza mafungu ya sukuma kwenye ndoano za nyama. Ni yeye aliyeiona tarehe hiyo. Mkewe, Mbithe, alinunua chupa mbili kwenye kongamano la akina mama wa kanisa lao. Moja akaiweka kwake. Ya pili akamletea Safa, mke wa kaka yangu Fahad, ambaye amejifungua mwezi uliopita na kule zahanati wamemwambia damu yake ni kidogo. Mutie akaigeuza ile ya kwao, akasoma, akasema mbele ya watu waliokuwa foleni, "Kumbe Mzee Hassan alikuwa anachinja! Sisi tukaambiwa kumefungwa, tukauza mboga kama wajinga."

Watu walicheka. Siku mbili baadaye hawakuwa wanacheka tena, kwa sababu mtu mmoja aliuliza: kama kichinjio kilifungwa, na ini lipo, basi hilo ni ini la mnyama aliyekufaje?

Neno hilo limefika msikitini. Ijumaa tarehe 21, baada ya sala, kamati itakaa kuamua kama baba ataendelea kushika kisu. Ameshika kisu hicho miaka thelathini na moja, Kasiva. Kila nyama inayoliwa hapa, iliwe na Mwislamu au na mchungaji, imepita chini ya mkono wake, na watu wamekula bila kuuliza. Sasa wanauliza. Jana alikwenda kununua sukari, mwenye duka akamhudumia bila kumsalimu. Baba alirudi akaketi, hakuitaka chai.

Mimi nilikuletea viungo vya ng'ombe wetu kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti. Nilikuruhusu kuandika jina la baba kwa sababu ulisema wateja wako wa Nairobi wanataka kumjua mnyama na aliyemchinja. Septemba sikukuletea hata figo moja. Ulinunua mzoga wa nani ukaubandika jina la baba yangu?

Nataka uwe Tulia tarehe 21 useme mbele ya kamati ulikoyatoa maini hayo. Usipokuja, nitakuja Mbooni, na sitakuja peke yangu.

Mwanahamisi Hassan


Mbooni
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Mwanahamisi,

Mimi nitakusalimu, kwa sababu nililelewa. Hujambo?

Nilikuzuia kwa sababu Alhamisi ile ulinitumia sauti kumi na moja, na ya saba ulikuwa unaniita mchawi wakati mwaitu, mama yangu Kalondu, ameketi kando yangu akichambua maharagwe. Ana miaka sabini na moja. Aliniuliza, "Huyo si yule msichana wa Tulia aliyekuwa anakuja kulala kwetu wakati wa likizo? Amepatwa na nini?" Nilimwambia ni redio.

Sasa nisikilize. Unaniuliza nimeyatoa wapi? Yalitoka kwenu! Jumatano tarehe 17 Septemba Nyamai alinishushia kasha la barafu la buluu. Ni lako, lile lenye mfuniko uliopasuka ambalo hulifungi mpaka ulizungushie mpira wa tairi. Ndani kulikuwa na maini, kilo ishirini na mbili, yamefungwa kwa mifuko kama siku zote. Nikapiga muhuri wa tarehe hiyo kama ninavyofanya siku zote, kwa kuwa siku zote mlikuwa mkichinja asubuhi nami nikipokea jioni. Kesho yake nilikuandikia: "Asante sana, mzigo umefika." Ukanijibu: "Sawa, karibu." Ujumbe huo ninao mpaka leo. Kwa hiyo ukija Mbooni na watu wako, uje na kioo pia.

Hilo la mzoga nitalijibu mara moja tu. Mwaitu mwenyewe anameza vidonge hivi kila asubuhi, viwili, kwa uji. Niambie wewe uliyesoma dini tangu utotoni: mtu atamlisha mama yake mzoga? Jibu hilo kwanza, ndipo uniite mbele ya kamati yenu.

Na kwa kuwa tumeamua kuambiana ukweli kwa karatasi, baba yako hajachinja tangu Ramadhani. Nilikuja Juni kumpiga picha ya lebo. Alishindwa kuinua kikombe, ukamshikia wewe, ukaniambia ana baridi. Baridi hapo Tulia, saa saba mchana! Anayechinja ni Fahad. Nilikuuliza kama niandike jina la Fahad, ukasema, "Andika Mzee Hassan tu, hilo ndilo jina watu wanalijua." Kwa hiyo uongo wa kwanza juu ya chupa ile uliandikwa kwa idhini yako. Uandike na huo katika daftari. Tangu kidato cha kwanza unaandika nani amekula mkate wa nani, lakini mkate uliokula wewe sijawahi kuuona humo.

Unakumbuka tulipotafuta jina? Nilisema "Nyasi Tupu" ukaanguka kwa kicheko. "Ng'ombe wa Tulia angekula nini kingine, chapati?" Tulicheka mpaka mwaitu akatoka nje kutazama. Nilidhani tunajenga kitu sisi wawili.

Kasiva Mutisya


Tulia
Jumanne, 11 Novemba 2025

Kasiva,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuichoma, mara ya pili nilitafuta daftari, mara ya tatu nilisoma nikiwa na daftari mkononi.

Kasha ni langu, nakubali. Ujumbe ni wangu pia. Lakini soma nilichoandika siku zile. Nakunakilia kama kilivyo.

"15/9, Jumatatu. Kichinjio bado. Baba ameketi uani kutwa, anakunja na kukunjua kamba za ng'ombe."

"17/9, Jumatano. Nimempa Nyamai ndengu kilo mbili ampelekee Kasiva, za mama yake."

"18/9, Alhamisi. Kasiva ameshukuru. Nimemjibu."

Ni ndengu, Kasiva! Mama yako alisema anatamani ndengu za Tulia, nikamtumia. Uliposema mzigo umefika nilijua ni ndengu. Sikuwa na mzigo mwingine. Aliyeweka maini katika kasha langu simjui. Kasha hukaa nyuma ya nyumba, kila apitaye anaweza kulichukua.

Kuhusu mikono ya baba, ndiyo, nilificha. Wewe una mama, ungefanya hivyo hivyo. Fahad amefundishwa na baba tangu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kisu ni kile kile, dua ni ile ile, na baba alikuwa amesimama kando yake kila mara. Kuficha kwamba mzee anatetemeka ni kitu kimoja. Kuwalisha watu mzoga ni kitu kingine. Usivifunge pamoja kwa kamba moja halafu unirushie mimi.

Na kwa kuwa umependa kuuliza maswali, nami ninalo moja. Wewe unajua jinsi viungo vinavyotoka kwetu. Mwau, mkaguzi wa nyama, hulikata kila ini mara mbili kabla halijaondoka kichinjioni: chale ndefu upande wa chini, na nyingine fupi karibu na pale nyongo ilipokuwa, kutafuta minyoo. Hakuna ini linalotoka bila chale hizo, hata awe na haraka vipi. Julai ulinilalamikia kwamba chale za Mwau zinakuharibia vipande, haviwi sawa kwenye wavu wa kukaushia. Unaosha kila ini kwa mikono yako mwenyewe. Hukuwahi kumwachia mtu kazi hiyo.

Maini ya kasha lile yalikuwa na chale? Nijibu kwa neno moja.

Unajua hapa nyumbani kulikuwaje siku tuliyoisoma lebo? Fahad alimkuta Safa anameza vidonge vyako. Alimpokonya chupa, akaenda nayo mbio mpaka chooni akaitupa. Nakuandikia ili ujue jinsi tulivyochukia kuchezewa jina la mzee wetu, hata yule mpole kuliko sote.

Zimebaki siku kumi.

Mwanahamisi


Mbooni
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mwanahamisi,

Hapana.

Hilo ndilo neno moja ulilotaka. Hayakuwa na chale. Yote sita yalikuwa mazima, laini kama sabuni mpya, na meusi kuliko nilivyozoea. Nilipoyaosha maji hayakukubali kuwa meupe. Nilijiambia labda Mwau alikuwa na haraka. Nikajiambia labda karantini imebadilisha utaratibu. Mtu akitaka kujiambia hakosi la kujiambia. Yule mwenye duka la wafanya mazoezi kule Nairobi alikuwa amenipigia mara mbili siku hiyo, anataka chupa mia mbili kabla ya mwisho wa mwezi, au anakwenda kwa mwingine. Nikayakata, nikayatandaza kwenye wavu, nikafunga mlango wa kikaushio.

Sasa nami nitakurudishia swali. Ulinakili tarehe 15, tarehe 17, na tarehe 18. Tarehe 16 imekwenda wapi? Nakujua. Mwaka ule ulipolazwa na malaria, uliandika "leo nimelala" kila siku mpaka ukapona. Wewe hujawahi kuruka siku.

Nitakuandikia mimi ile 16, kwa vile wewe umeshindwa. Aliyenitumia kasha ni Fahad. Sikujua mpaka Alhamisi ile ya tarehe 18 mchana, aliponipigia kuuliza kama limefika. Nilipomwambia nimeshakushukuru wewe, akasema, "Dada Kasiva, tafadhali usimwambie. Ataniandika kwenye daftari." Nikacheka, nikamwahidi. Alisema ng'ombe wa mfugaji Musyoka walikuwa wameanguka kwa ukame, hawawezi kuhamishwa kwa sababu ya karantini, na yeye aliwahi kuwachinja kabla hawajafa. Nilimuuliza, "Uliwahi kweli?" Akasema, "Niliwahi." Hakusema zaidi, sikuuliza zaidi.

Kwa hiyo nilijua tangu barua yangu ya kwanza. Sikumtaja kwa sababu niliahidi. Pia nilitaka uogope kidogo, kwa kuwa uliniita mchawi. Na ile chupa aliyoitupa chooni, Mwanahamisi, unaandika kwa fahari kama vile alifanya hivyo kwa ajili ya jina la baba yako. Soma tena sentensi yako mwenyewe, uniambie mtu huyo alikuwa anaogopea nini.

Nimewaza siku tatu, na nimepata njia. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya kamati yenu. Nimeitia sahihi. Inasema maini yale niliyanunua kwenye bucha moja huku Makueni, yamekaguliwa, na kwamba lebo zenu zilikuwa zimebaki nikazitumia bila kuwauliza. Kosa ni langu peke yangu. Mzee Hassan hajui, Fahad hajui, wewe hujui. Watanitukana, labda watanipiga marufuku Tulia. Nitaishi.

Usidhani nafanya hivi kwa wema. Ikijulikana kwamba nilikausha viungo visivyokaguliwa, wataifunga nyumba ya kukaushia, na maembe yanaiva Desemba. Kikundi chetu kina wanawake thelathini na wanne, na kila mmoja ameshahesabu maembe yake mtini. Kubandika lebo isiyo yangu ni kosa dogo. Lile lingine ni kubwa. Baba yako anabaki na kisu, Fahad anabaki na heshima, mimi nabaki na kikaushio. Waliokula wamekula. Sijasikia aliyeugua. Ini likikaushwa mpaka likawa unga hakuna kinachobaki hai ndani yake.

Mpe mwenyekiti barua hiyo. Usiniletee tena hasira zako, hazina mahali pa kukaa.

Kasiva


Tulia
Jumamosi, 22 Novemba 2025

Kasiva,

Barua yako ya kamati nakurudishia. Utaiona imekunjwakunjwa. Nimetembea nayo siku tano ndani ya mkoba.

Nitakuambia ukweli, kwa kuwa sasa haunigharimu kitu tena. Nilikuwa nimeamua kuitumia. Nilikuwa nimeshajua hata nitakavyoitoa mkobani na sura nitakayoivaa.

Na hii hapa ndiyo siku niliyoiruka: "16/9, Jumanne. Fahad ametoka alfajiri kwenda kwa Musyoka kusaidia kuchuna ngozi." Kuchuna. Niliandika neno hilo kwa mkono wangu na sikuliona. Anayechinja huenda kuchinja. Anayekwenda kuchuna ngozi amemkuta mnyama amelala. Nililiona nilipokuwa nakunakilia, Kasiva, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Nikaliruka, nikakuandikia kwamba kila apitaye anaweza kulichukua kasha. Sitaki uniambie chochote kuhusu hilo. Nimejiambia vya kutosha.

Alhamisi alasiri nilimwambia Fahad kwamba nina barua ya kutuokoa. Tulikuwa uani, Safa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Fahad akaanza kulia kwa furaha, akasema, "Allah akulipe, dada." Safa hakuinua macho. Aliendelea kummwagia mtoto maji. Kisha akamuuliza mumewe, taratibu kabisa, "Mimi uliniwahi, ukanitupia chupa chooni. Wale wengine wana nani wa kuwatupia?"

Nilikwenda ndani nikachukua barua zako zote mbili na daftari, nikamsomea baba.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alimwita Fahad akamketisha mbele yake. Hakumuuliza kwa nini. Hakumuuliza nani alimtuma. Alimuuliza swali moja, lile analomuuliza kila anayejifunza kisu, kwa kuwa damu huruka kwa mnyama aliye hai tu: "Damu iliruka, au ilitoka polepole?"

Fahad akasema, "Baba, wawili walikuwa bado wanapumua."

"Sikukuuliza pumzi. Nimekuuliza damu."

"Nilisema bismillahi, Baba. Kwa kila mmoja."

"Bismillahi husemwa kwa aliye hai. Damu, Fahad."

Fahad akatazama chini. Baba alingoja. Mwishowe Fahad akasema, "Haikutoka." Akaeleza kwamba Musyoka alikuwa amemlilia, ng'ombe sita siku mbili, hana hata cha kuwanunulia watoto unga. Kwamba alifikiri angalau maini yasiharibike. Kwamba alikuwa amekaa wiki nzima bila kazi akimtazama baba akikunja kamba. Baba alisema, "Yote hayo nayaelewa. Na bado haikutoka."

Jana baada ya sala kamati ilikaa. Baba hakukaa kwenye kiti walichomwekea. Alisimama, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ili waione inavyotetemeka, akasema, "Hii haijachinja tangu Ramadhani. Binti yangu alificha kwa kunihurumia, nami nilimwacha afiche kwa sababu nilipenda kuhurumiwa. Maini yale ni ya mizoga. Yalitoka nyumbani kwangu, katika kasha letu, chini ya jina langu. Anayetaka kujua ni nani, ni mimi, kwa kuwa jina ni langu." Fahad akasimama nyuma yake akasema, "Ni mimi." Baba akamwambia, "Kaa chini, hujaulizwa." Fahad hakukaa.

Kisha baba akatoa kisu kwenye kitambaa akakiweka mkekani. Mwenyekiti alisema hakuna haja ya kwenda mbali hivyo, wangeweza kumpa onyo. Baba akasema, "Mimi ningekuwa nyinyi ningekichukua." Wakakichukua.

Leo hakuna aliyechinja. Mutie amerudi kuuza mayai, na asubuhi alinipigia kelele mbele ya bucha kama mimi ndiye niliyemfungia bucha. Nilimpigia kelele pia. Kamati inatafuta mtu kutoka Kitui mjini. Baba ameamka alfajiri kama kawaida, ameoga, amevaa, kisha akaketi, kwa sababu hakuna pa kwenda. Nikikuandikia hivi nina hasira na wewe mpaka herufi zinapinda. Nina hasira na Fahad. Nina hasira na mimi. Lakini wewe ndiye uliyeyaosha, Kasiva. Fahad alifanya katika gizagiza la huruma na ujinga wake. Wewe ulikuwa na ini mkononi na mwanga wa jua juu yake, ukatafuta chale, hukuziona, ukalikata.

Usiniambie waliokula wamekula. Chupa zilizobaki uzirudishe. Zilizouzwa uzitafute, moja moja. Wewe unajua uliyemuuzia. Akina mama wa kongamano ni majirani zako. Yule wa Nairobi ana simu. Kuhusu kikaushio chako na maembe, waambie wale wanawake thelathini na wanne mwenyewe, wasije wakasikia kutoka kwa Mutie. Nitaiandikia ofisi ya afya tarehe mosi Desemba. Nakupa siku hizo ili uwafikie kabla yangu, sikupi ili ukimbie.

Na uliniambia nijibu swali lako kwanza, kama mtu atamlisha mama yake mzoga. Nilikosa jibu, na nilikuamini kwa sababu ya mama yako. Usiku ule niliposoma, nilijiambia: Kasiva ni mkali, lakini kwa mwaitu wake hawezi.

Kwa hiyo nakuuliza. Vile vidonge viwili vya kila asubuhi, anavyomeza na uji, vinatoka chupa ya tarehe gani?

Mwanahamisi


Mbooni
Jumatatu, 24 Novemba 2025

Mwanahamisi,

Nyamai ana kasha lako la buluu. Mpira wa tairi umekatika, nimelifunga kwa kamba. Ndani kuna chupa thelathini na nane, zote za tarehe 17. Wa Nairobi amekata simu mara tatu. Kesho napanda gari kwenda dukani kwake. Jana kanisani niliomba nafasi ya kusema. Niliposema, mchungaji alinitaka nirudie, akidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Wanawake wa kikundi walitoka nje mmoja mmoja kabla sijamaliza, na leo hakuna aliyekuja kwenye kikaushio.

Ndengu zilifika. Zilikuwa juu ya kasha, katika mfuko wa karatasi. Mwaitu alizila zote. Nilisahau kukuambia.

Umeniuliza tarehe. Ni za Agosti. Nilimwekea mwaitu kando chupa sita siku ile ile niliyoyaosha maini yale, kabla mikono yangu haijakauka maji.

Kasiva